Pasaka na Siku ya Karume: watu wanane, baiskeli na mahema hadi Mtae. Inawezekana?

BintiRaskazone

Wakuu habarini.

Mwaka huu kalenda imetuhurumia. Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Jumanne yake ni Siku ya Karume. Siku tano mfululizo bila kumpigia bosi magoti. Sisi tuko wanane hapa Tanga mjini, tunaendesha baiskeli kila Jumamosi alfajiri. Safari yetu ya kawaida ni Mapango ya Amboni na kurudi. Tukijitutumua tunafika Muheza, tunakunywa chai, tunageuza. Watu wameichoka tambarare, wanataka milima. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeropoka "twendeni Lushoto" kwenye grupu, nimeachiwa mipango yote.

Nilichopanga hadi sasa ni hiki. Ijumaa tunapanda basi la alfajiri mpaka Mombo. Hapo tunashuka na kuendesha hadi Lushoto, kilomita 33, tunalala kwenye mahema. Jumamosi tunaunganisha hadi Mtae, kijiji cha ukingoni mwa milima ya Usambara, kupitia Magamba na Lukozi. Jumapili tunatembea kwa miguu hukohuko Mtae. Nasikia ukisimama ukingoni unaiona nyika yote ya Mkomazi mpaka milima ya Upare. Jumatatu tunarudi Lushoto, Jumanne tunashuka Mombo kuwahi basi la nyumbani.

Tulichonacho: mahema matatu, baiskeli nne za mtumba zenye giya, tatu za kawaida, na moja nyeusi ya ba'mdogo wangu ambayo haina giya hata moja na breki zake ni zile za vyuma. Ba'mdogo ana miaka 58 na amekataa kuazimwa nyingine. Anasema hiyo imembeba tangu enzi anauza samaki, haitashindwa na kilima cha Wasambaa. Wawili kati yetu hawajawahi kulala kwenye hema. Mizigo nilifikiri kila mtu afunge wake kwenye keria kwa mipira, mambo yaishe.

Naomba mliowahi kufika mnisaidie. Mtae kwa siku moja kutoka Lushoto inawezekana kwa watu wa aina yetu? Mahema tupige wapi bila kugombana na mtu? Na masika je, ni ya kuogopa au ni maneno tu?

JinoLaGiya

Inawezekana, usitishwe. Mimi niliondoka Lushoto saa 12 asubuhi, alasiri niko Mtae nakunywa soda. Ni zaidi ya kilomita 50, milima kweli ipo, ila ukiwa na pumzi na giya nyepesi unafika. Ba'mdogo mwacheni nyumbani.

MwalimuWaMlimani

Dada, mimi nafundisha Korogwe. Mwaka juzi tulikwenda watu tisa, Pasaka hiyohiyo, mwishoni mwa Machi, na mpango wetu ulikuwa huohuo wako karibu neno kwa neno. Ngoja nikueleze ulivyotupata ili nyie angalau mkosee makosa mapya.

Kwanza saa. Tulifika Mombo saa 4 asubuhi, tukanogewa na mishkaki, tukaanza kupanda saa 5 jua likiwa limeshakasirika. Mombo iko chini kabisa, joto lake ni la nyikani, na barabara ikianza kupanda inakuingiza kwenye korongo lisilo na upepo. Kutoka hapo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000. Ukizigawanya kwa kilomita 33 unaona si kitu, na hapo ndipo hesabu inapokudanganya, maana sehemu kubwa ya kilima imerundikana kati ya Mombo na Soni: kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na Fuso la mbolea linalokupumulia kisogoni. Ukishayaona maporomoko ya Soni, njia inalegea na hewa inabadilika. Lakini lazima ufike Soni ukiwa bado mtu.

Pili mzigo, na hapa nataka unisikilize kuliko pengine pote. Mimi nilifunga kwenye keria hema, sufuria mbili, mchele kilo 5 na galoni ya maji. Korogwe kwenye tambarare baiskeli haikulalamika hata kidogo. Kwenye kona ya kwanza ya maana nikasimama juu ya pedeli, na tairi la mbele likanyanyuka. Mzigo wote uko nyuma ya ekseli, kilima kinauvuta chini, na wewe unavuta usukani. Nani atakaa mbele kulishika tairi? Kuanzia hapo nikasukuma. Mwenzetu mmoja mbishi alikataa kusukuma, akakanyaga kwa nguvu mpaka tukasikia "ting", baada ya muda "ting" nyingine, na ya tatu. Spoku za nyuma, upande wa friwili (yale meno ya nyuma yanayoshika cheni). Zile huwezi kuziingiza mpaka uing'oe friwili, na kifaa cha kuing'olea tulikuwa tumekiacha Korogwe kwa sababu "ni kizito". Gurudumu likawa linayumba kama la mkokoteni na kugusa breki kila mzunguko. Tukamfungulia breki ya nyuma kabisa ili aweze kwenda. Tuliingia Lushoto saa 2 usiku.

Kwa hiyo mizigo isipande kwa miguu yenu. Pale Mombo kuna Noah na Hiace zinazopanda Lushoto kutwa nzima. Kodini moja, mpakie mahema, masufuria, vyakula na mabegi, apande nayo mtu mmoja au wawili wasiopenda vilima, wakafike mapema wapige mahema na kubandika chai. Sisi tulipoona wengine wamefanya hivyo tuliwacheka kwamba hiyo si safari ya baiskeli. Saa 2 usiku, gizani, hakuna aliyecheka.

Mvua yenyewe sasa. Tuliingia gizani, kila mtu amechoka, tukaona kijibonde kina nyasi laini, tambarare safi, kijito kinaimba pembeni. Tukasema Mungu si Athumani. Nilijifunza usiku ule kwamba mlimani nyasi zikiwa laini na mbichi kuliko za jirani, maji ndiyo wenyeji wa pale. Saa 5 ilianza kunyesha, saa 7 godoro langu la sponji lilikuwa limekunywa maji mpaka ukilikanyaga linatapika. Tulimalizia usiku tumekaa barazani kwa mtu, watu tisa, tumejifunika turubai moja. Mwenye nyumba alitoka alfajiri kwenda msikitini, akatukuta, akatutazama sana, akasema "poleni," akarudi ndani kumwamsha mkewe aweke maji ya chai. Sijamsahau mpaka leo.

Jumamosi, wabishi sisi, tukaianza njia ya Mtae. Lami ilipoisha tukakutana na udongo mwekundu ulionyeshewa usiku kucha. Udongo ule hauteleziki tu, unanata. Unajikunja kwenye tairi, unapanda, unajaza nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, halafu gurudumu linasimama kabisa, halizunguki. Unashuka, unachokoa kwa kijiti, unakwenda hatua 40, unachokoa tena. Wenye breki za kwenye rimu walipata taabu zaidi. Tulichokoa kwa saa mbili, tukatazamana, tukageuza. Mtae sijafika hadi leo kwa baiskeli. Nimefika kwa basi, na ndiyo, yale unayosikia kuhusu pale ukingoni ni kweli.

Lakini Jumapili! Jumapili tuliziacha baiskeli, tukatembea kwa miguu kwenda Irente. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini, unapita kwenye migomba na makaburi na watoto wenye nguo mpya za sikukuu, halafu ghafla nchi inakatika. Unasimama juu ya mwamba, na chini kule ni Mazinde, mashamba ya mkonge yamechorwa kwa mistari kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza, na barabara kuu ya Arusha imelala kule ambako juzi yake ulikuwa ukila mishkaki. Hakuna aliyeongea kwa muda. Yule wa spoku tatu ndiye aliyesema, "Kumbe tungeanza na hii."

Ushauri wangu basi: chagueni kambi moja Lushoto na mlale hapohapo usiku wote minne. Ijumaa pandeni, mkianza saa 12 na nusu kama mnaweza kulala Mombo au Korogwe Alhamisi usiku. Jumamosi baiskeli zipumzike, tembeeni Irente, misuli itawashukuru. Jumapili asubuhi wa kanisani waende, mchana endesheni kidogo bila mzigo mpaka Magamba na kurudi. Jumatatu tembeeni msituni Magamba, siku nzima. Jumanne shukeni. Mkifanya hivyo, hata anayekwenda taratibu kuliko wote hamchelewi kwa ajili yake, maana kambi haihami. Kikundi huwa kinavunjika pale wenye pumzi wanapomsubiri mwenzao kwa saa nzima juani, halafu akifika tu, wao wanapanda baiskeli na kuondoka, na yeye hajapumzika hata dakika moja. Sisi tulirudi watu wawili hawasemezani.

Nitarudi baadaye niandike kuhusu kushuka, maana kengele ya kipindi imelia.

JinoLaGiya

Mwalimu umemtisha dada wa watu bure. Mbona wageni wanapanda kila mwaka na mizigo yao?

MwalimuWaMlimani

Wanapanda, kweli. Wana giya za mbele tatu, mifuko yao inaning'inia chini pembeni ya magurudumu mbele na nyuma, si rundo juu ya keria, na wengi huja Julai ardhi ikiwa kavu. Wewe ulikwenda Mtae mwezi gani, na ulibeba nini?

JinoLaGiya

Septemba. Chupa ya maji na simu. Sawa, nimekuelewa.

KondaMstaafu

Mimi nitachangia la basi tu, maana nimefanya kazi ya mlango miaka mingi na baiskeli nane mlangoni alfajiri bila taarifa ni ugomvi.

Nendeni ofisini siku mbili kabla, mkaongee nao bei ya baiskeli kabisa, na mwandikiwe kwenye risiti. Msingoje kuongea na konda gari likiwa linaunguruma, pale atawatajia bei ya kichwa chake. Sikukuu mabuti yanajaa mabegi na kuku, kwa hiyo wahini. Legezeni usukani mgeuze ulale sambamba na tairi la mbele, fungueni pedeli (ya kushoto inafunguka kinyume na mlivyozoea, wengi huikaza wakidhani wanafungua), toeni upepo kidogo. Baiskeli zenye giya zilazeni upande usio na giya, na ile mikono ya giya ya nyuma ifungeni kiroba. Nimeona nyingi zikishushwa zimepinda hapo tu, na mkono ukipinda, cheni inaingia kwenye spoku mara ya kwanza ukiweka giya nyepesi. Yaani palepale kilimani.

Na mtu mmoja ashuke kila basi likisimama muda mrefu, aangalie. Simaanishi wizi, namaanisha gunia la mtu juu ya rimu yako.

MamaPeasi

Karibuni Lushoto jamani. Mimi mwenyeji, nimeolewa huku mwaka wa ishirini sasa, kwetu asili ni Pangani, kwa hiyo baridi ya huku naielewa kwa ngozi ya mtu wa pwani. Binti yangu, sikiliza.

Aprili si baridi ya Julai, lakini mtu wa Raskazone akilala chini kwenye hema la kitambaa atatetemeka. Baridi inatoka ardhini zaidi kuliko juu. Watu hubeba mablanketi matatu ya kujifunika na chini wanatandika khanga. Geuzeni: chini tandikeni mkeka, juu yake maboksi yaliyokunjuliwa au magunia, ndipo godoro. Soksi kavu za kulalia ziwe na mfuko wake na zisivaliwe mchana hata kama mtu analia.

Hema hapa hupigi popote unapopapenda. Kila kipande unachokiona kina mwenyewe, hata kile kinachoonekana pori ni shamba limepumzishwa. Pale Irente Farm wanapokea watu wenye mahema, ni mahali pa kanisa la Kilutheri, kuna maji na vyoo, na mkate na jibini yao ni ya hapohapo. Pigeni simu mapema kwa sababu Pasaka si nyinyi peke yenu. Kama mnataka kulala kijijini, mkajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, mchana, siyo saa 2 usiku kama watu wa mwalimu. (Mwalimu nimecheka lakini pole.)

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, hamuingii kama mnaingia sokoni. Mnalipia kibali na mnapewa mtu wa kuwaongoza. Msimwone ni gharama ya bure. Mwongozaji ndiye atakayewaonyesha mbega wakirukaruka juu huko, na kinyonga ambaye nyinyi mngempita mara kumi mkidhani ni jani. Na ukungu ukishuka msituni mchana, aliyezaliwa hapa ndiye anayejua kijia kipi kinarudi. Vaeni viatu vyenye meno. Kandambili nimeziona nyingi zimebaki kwenye tope zenyewe, mwenyewe kaendelea peku.

Maji: kijito kikiimba msituni ni kizuri kukiangalia, lakini vijito vinavyopita chini ya mashamba ya mboga msivinywe hata mkichemsha. Huku tunalima kabichi, karoti na hoho, na dawa tunapiga. Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa inabaki. Chukueni maji ya bomba mkayachemshe, au nunueni.

Chakula msibebe Tanga, mtabeba ujinga. Viazi, karoti, kabichi, maparachichi, ndizi, yote yapo na ni bei ya shambani. Bebeni vya pwani ambavyo huku havipo au vinauzwa ghali: dagaa, nazi chache, tende. Ununuzi mkubwa fanyeni Ijumaa mkifika au Jumamosi, maana Jumapili ya Pasaka asubuhi nusu ya mji iko kanisani. Vyakula msilale navyo ndani ya hema, vining'inizeni. Wazee huku wakiona panya anazurura karibu na walipolala watu hawapuuzi. Tauni ilitusumbua wilaya hii kuanzia mwaka 1980 na kwa miaka mingi baadaye. Siku hizi haisikiki, lakini tabia ya kutunza chakula mbali na kitanda imebaki, na ni tabia nzuri.

Ba'mdogo njoo naye. Mtu mzima kwenye kundi la vijana ndiye anayepata salamu za wazee wa hapa, na salamu ndiyo inayofungua milango huku.

MwalimuWaMlimani

Nimerudi. Kushuka.

Watu wote wanauliza kuhusu kupanda kwa sababu ndiko kunakochosha, na huko hakuna aliyeumia katika kundi letu. Aliyeumia aliumia Jumanne akiwa amepumzika, ameshiba, anaimba.

Ukitoka Lushoto mpaka Soni ni raha. Baada ya Soni mteremko unakaza, na mtu wa tambarare hufanya kitu kimoja cha asili: anazikamata breki zote mbili na haziachii mpaka Mombo. Raba zinasugua rimu kwa nusu saa bila kupumzika. Mwenzetu alikuwa na tyubu yenye kiraka cha zamani, kimebandikwa vizuri tu, kimedumu mwaka mzima. Rimu ilipopata moto, solusheni ikalainika chini ya kiraka, kiraka kikateleza kidogo kama stempu iliyolowa, upepo ukatoka wote kwa pumzi moja. Tairi la mbele. Kwenye kona. Alikwenda upande wa mwamba, Mungu mkubwa, angekwenda upande wa pili nisingekuwa naandika hapa kwa kuchekacheka. Alichunika bega na goti, na jino la mbele likabaki barabarani. Tulipoifungua ile tyubu, kiraka kilikuwa kimehama nusu sentimita na gundi imevutika kama ulimbo. Rimu ilikuwa haishikiki kwa mkono.

Kwa hiyo: kabla ya safari wekeni tyubu mpya mbele, zisizo na kiraka, kila mtu. Ni gharama ndogo. Raba za breki mpya pia, na bebeni jozi za ziada. Kwenye mteremko kamata breki kwa nguvu kabla ya kona, punguza mwendo kabisa, halafu achia kwenye kipande kilichonyooka ili rimu ipoe. Kamata, achia. Breki ya nyuma ianze, ya mbele ifuate. Na mpange vituo vya lazima, Soni kimoja, na viwili vingine kabla ya Mombo, mshuke kweli, mguse rimu. Ikiwaunguza, kaeni hapo dakika 15, msiimwagie maji. Mvua ikinyesha, rimu zikilowa, breki za namna hii zinachelewa kushika, kwa hiyo acheni nafasi kubwa kati ya mtu na mtu. Masika mawe huporomoka barabarani. Kona usiyoiona mbele usiingie kwa kasi hata kama uliipita salama Ijumaa.

Sasa baiskeli ya ba'mdogo. Kupanda hana shida, atasukuma kama sisi sote tulivyosukuma, na nakuhakikishia hatakuwa wa mwisho. Kushuka nayo ndiyo sikubali. Breki za vyuma zinavuta raba kwenye rimu kwa fimbo, kiungo kimoja kikilegea una breki moja, na mteremko ule hauhitaji mtu mwenye breki moja. Mpandishe nayo kama heshima yake inadai, ila Jumanne baiskeli hiyo ishuke kwenye Noah pamoja na masufuria.

BintiRaskazone

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeyasoma kwa sauti jana usiku kwenye kikao chetu na Mtae imefutwa kwa kura saba kwa moja (huyo mmoja ana baiskeli yenye giya 21 na hajawahi kuzitumia zaidi ya mbili).

Tumekubaliana: Alhamisi jioni tunalala Korogwe kwa dada wa mwenzetu, Ijumaa alfajiri tunawahi Mombo. Mizigo inapanda na Noah na wale wawili ambao hawajawahi kulala kwenye hema. Wameambiwa wafanye mazoezi ya kulipiga uwanjani kwetu wiki hii, jana walilipiga likasimama juu chini. Usiku wote minne kambi moja. Nimeshapiga simu kuulizia nafasi. Tyubu mpya nane na raba za breki tumechangishana, na fundi wetu hapa mtaani anatuazima kifaa cha friwili kwa sharti kwamba tumletee kabichi.

Ba'mdogo nilimsomea kipande chake. Alinyamaza muda mrefu akifuta ile baiskeli kwa kitambaa. Kisha akasema kupanda atapanda nayo, hata akiisukuma yote kilomita 33, na kushuka atashuka kwenye Noah akiwa amekaa mbele na dereva, na baiskeli isilazwe chini ya masufuria. Ana swali moja tu kwenu: huko juu jioni kuna mahali mtu anapata kahawa chungu?

MamaPeasi

Mwambie aje kwangu. Kahawa ipo ya hukuhuku milimani, naikaanga mwenyewe. Kashata abebe kutoka Tanga.